Tyubu ya Shavu la Kushoto

Benchi letu limeegemea ukuta wa kiwanda cha mikate, na Tanuri, mwokaji wao, hutokea mlango wa nyuma na unga wake mikononi. Jina tulimpa kwa sababu ya kazi na, tusidanganyane, kwa sababu ya uso: mashavu yanawaka, yana vipele, macho yanamchonyota. Hospitali ugonjwa huo wanauita rosasea. Sisi tuliuita pombe, na mwenzetu hajawahi kuonja. Kliniki ikamwingiza kwenye majaribio ya krimu: tyubu moja ya shavu la kushoto, nyingine la kulia. Moja ina dawa, nyingine mafuta matupu, na haambiwi ipi ni ipi. La kushoto likapoa, tukashangilia. Leo kaja yote mawili yanawaka. Roho iliniuma.

Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kukanyaga, akaanza.

— Dawa imechoka hiyo.

— Imechoka wapi? akadakia Cherehani, fundi nguo. Wamembadilishia tyubu!

— Ili iweje?

— Wamchanganye. Wale hawalali, bwana.

— Basi mimi nasema, Wakili akaendelea, shavu la kulia limeona mwenzake anapendelewa, likamfanyia fitina. Usicheke! Mwili una majungu kuliko mtaa.

— Acheni jamani, Tanuri akasema. La kushoto nimeacha kulipaka.

Tukamgeukia.

— Ile tyubu nampaka binti yangu. Uso wake ni huu huu wangu. Kliniki walimkataa kwa kuwa ananyonyesha. Tangu ajifungue alikuwa hatoki ndani, majirani wanasema kajichubua. Sasa uso umetulia, mwenyewe anakwenda bombani na mtoto mgongoni.

— Kliniki wanasemaje?

— Nimetoka huko. Wamenitazama, wakasema dawa hainisaidii. Wamenitoa kwenye majaribio. Tyubu wamezichukua zote.

— Rudi ukawaambie ukweli! Cherehani akafoka.

— Niwaambie nini, ndugu yangu? Kwamba nimempaka mzazi dawa waliyomkatalia? Na kama imemdhuru mjukuu wangu?

Dukani dawa hiyo ya kununua hakuna; bado inajaribiwa.

Pembeni alikuwepo mama mmoja mgeni, anasubiri mkate wa moto. Akauliza taratibu:

— Baba, binti mwenyewe umeshamwambia kuhusu hatari hiyo?

Tanuri aliinama, akaanza kujipangusa unga viganjani.