Mama Tope Anaondoka, Udongo Umechoka

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika idara yetu ya maji, mkuu wa maabara, ambaye kila mtu hapa humwita Mama Tope, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Kamati ya sherehe imenikabidhi kalamu mimi fundi wa pampu na kuniagiza niandike kwa furaha. Nimejaribu, nimeshindwa.

Alipoanza kazi, kisima cha shule ya msingi iliyo nyuma ya karakana za betri kilikuwa kimegunduliwa kuwa na madini ya risasi. Wakubwa walitaka kifungwe, na shule haikuwa na kingine. Yeye alijua kuwa udongo wa mfinyanzi huyashika madini hayo na kuyang'ang'ania. Ila udongo mtupu huziba njia ya maji, hivyo alitumia miaka akiukanda, akiufanya vidonge vidogo na kuvichoma. Mumewe anasema kazi hiyo ilimaliza sufuria zote za nyumbani na chekeche la unga. Mkwe wake hadi leo huficha vyombo akimwona anakuja. Hatimaye vidonge vikakubali, akavijaza kwenye tangi la shule, na watoto wakanywa maji salama.

Alikuwa mkali pia. Mwaka mmoja akiwa likizo, mhasibu wetu aliona udongo uliokwisha kutumika umerundikwa nyuma ya stoo, akapanda mchicha. Ukastawi ajabu, akatugawia mafungu. Mama Tope aliporudi aling'oa bustani nzima, kisha akapita meza kwa meza akiyadai yale mafungu, hadi kwenye mkoba wa mkurugenzi. Mhasibu alinuna mpaka alipoonyeshwa majibu ya vipimo vya yale majani. Tangu hapo udongo uliotumika hufungiwa kwenye mapipa, na mhasibu hununua mboga sokoni.

Sasa linalotuuma. Udongo ule hujaa, na ukijaa, risasi hupita kama ilivyokuja. Maji hutoka maangavu vilevile, kwa hiyo hakuna anayeshtuka ila aliyepima. Kila mwaka Mama Tope aliubadilisha mwenyewe, na kila mwaka aliomba apewe mtu wa kumfundisha. Aliahidiwa. Vijana walikuja, wakapelekwa kwenye ankara na mita. Wiki hii amepima tena, akafunga bomba la shule. Watoto wanabeba maji kutoka nyumbani. Stoo kuna vidonge vya kubadilisha mara moja tu, na hakuna kati yetu anayejua kuvitengeneza.

Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani, alijibu papo hapo: "Nibadilishieni udongo wa shule. Saa ya ukutani ninayo."

Saa ilikuwa imeshanunuliwa, iko kabatini kwa katibu.

Basi sherehe imehamishwa kutoka ukumbini hadi kwenye tangi la shule, Ijumaa saa tatu asubuhi. Keki ipo. Njooni na mabuti, majembe na ndoo.

Mama, ahsante kwa niaba ya watoto waliokunywa maji yale bila kukujua. Tunakuombea afya, usingizi mnono na sufuria mpya. Pengo unaloliacha linatutisha, na hatuoni haya kulisema. Siku hiyo utakaa kitini, kazi tutafanya sisi. Ila kabla hujakabidhi ufunguo wa maabara, tuonyeshe unavyoukanda udongo. Tumechelewa, tunajua.