Sufuria ya Kwenda kwa Amparo

Wilfrido, zima hilo feni, linanishinda sauti. Nereida, acha kulia, kaa hapa kitandani nikuone. Ninyi ndio watoto niliobaki nao, na ninayosema leo sitayarudia, kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho bila kunikatiza.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, asiiuze mmoja bila mwenzake kukubali. Cherehani ni ya Nereida. Ini langu limekwisha, daktari ameshasema, moyo tu ndio uliobaki kazini, na huo ndio nataka kuuzungumzia.

Mnamkumbuka mama yenu mdogo, Eduvigis. Alipofiwa na mume, wanawe walimwekea kiti cha kubembea mlangoni, wakamwambia, "Mama, umetaabika vya kutosha, sasa pumzika." Hapa mjini Mompox hayo ndiyo mapenzi: mwanamke akishapata wajukuu, ananyang'anywa hata ufagio. Maji akaletewa, uzi akaokotewa, miguu ikavimba, akawa akienda chooni anahema kama aliyebeba gunia, na daktari alipomwambia atembee, wanawe wakajibu kwamba mama yao si tarishi. Alikufa kwenye kiti kile mchana kweupe, na watu wakapita wakimwamkia mpaka jioni, wakidhani amesinzia. Wanawe sijawasamehe. Wakija msibani wapeni kahawa, lakini viti wasipewe, wasimame.

Mimi nilianza kutembea wiki ile ile. Lakini mwanamke akipita barabara ya mtoni mikono mitupu, kila mlango una swali: "Unamtafuta nani, mama?" Basi nikachukua sufuria yenye mfuniko, nikawa kila asubuhi naenda nayo mbio mbio mpaka kwa shoga yangu Amparo, kule karibu na makaburi, jasho linanitoka, na watu wanasema, "Maskini, anamlisha Amparo." Ilikuwa tupu, wanangu. Miaka yote ile. Amparo akiifunua hunusa, halafu husema, "Shoga, leo chumvi imezidi!" Tunacheka mpaka tunashikana. Baadaye naye akabeba ya kwake, tukawa tunarudi pamoja.

Sasa wewe Nereida, mwezi uliopita kifua kilikubana kwenye ngazi za kanisa. Daktari amekwambia utembee kila siku. Na wewe Wilfrido umefanya nini? Umemnunulia dada yako kiti. Najua unampenda. Hata wanawe Eduvigis walimpenda mama yao. Kirudishe kwa fundi leo hii, sitaki kikae kwenye msiba wangu.

Nipeni maji... Basi, yatosha.

Nereida, sufuria ni yako. Ukija kunizuru makaburini usije kwa gari. Njoo nayo kwa miguu, upesi, mpaka utoke jasho. Wakikuuliza, sema unampelekea mama yako chakula. Ifunue pale juu yangu... useme chumvi imezidi. Mungu awape... awape pumzi ndefu, na miguu isiyochoka, na mpendane. Wilfrido, mwachie dada yako mkono. Mwache apite. Nereida, usikae hapa kunitazama, mwanangu... shika sufuria, nenda kwa Amparo. Jua bado halijawa kali.