Fundi Mitambo wa Viazi Vilivyosheheni

Waombolezaji wenzangu, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, nasoma historia yake kwa niaba ya familia, au tuseme kwa niaba ya wale waliokubali isomwe hivi.

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tano wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi ya mtaani hadi 1966, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 2 Januari 1971 akaajiriwa kiwanda cha uchapaji kama fundi mitambo, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mmoja bila kupoteza kidole hata kimoja, jambo alilojivunia kuliko vyeti vyake.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu, mimi, mdogo wangu wa kiume, na wa mwisho, aliyezaliwa na kufariki siku moja, tarehe 6 Mei 1985.

Hapa karatasi niliyopewa inarukia kiwanda kufungwa, kwa sababu baba mkubwa amekata aya nzima kwa kalamu nyekundu, akisema mambo ya jikoni hayasomwi kwenye msiba wa mwanamume. Nitaisoma.

Baada ya kumzika mtoto huyo, mama alikaa siku nne bila kula, ndipo baba, ambaye hata maji ya chai yalikuwa yakimkaukia jikoni, alipooka kiazi kikubwa, akakipasua, akakishindilia maharage, yai, jibini na kitunguu cha kukaanga, kila alichokikuta kabatini, akamwekea mama mapajani, naye akala nusu, akalia, akamalizia. Tangu hapo hakuacha kubuni, kukawa na kiazi cha homa, chenye kuku wa kuchambua na mchuzi wake, kiazi cha mtihani, chenye nyama ya kusaga na pilipili hoho, na kiazi cha kiwanda kufungwa, cha mwaka 2002, chenye vyote hivyo kwa pamoja, ingawa kile cha sardini na ndizi mbivu kilimshinda hata paka. Kaka zake walimwita Mama Viazi, wakacheka mpaka machozi, naye akajifunga aproni mbele yao, akauliza kila mtu anataka vingapi. Shikamoo baba mkubwa, lakini ulikula vitatu.

Februari mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya koo, akashindwa kumeza, akaendelea kubuni kwa kuandika daftarini, akitulazimisha tupike na kula mbele yake huku akitazama nyuso zetu. Alifariki tarehe 9 Juni mwaka huu, na siku tatu kabla ya hapo nilimwuliza tumwandike kuwa nani katika historia hii, akaandika, “Fundi na mpishi. Wakikataa, ongeza sauti.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba mbili, majirani mliotuletea viti na maji tangu siku ya kwanza, na wenzake wa kiwandani mliolibeba jeneza.

Baba, fundi na mpishi, nimesoma. Pumzika kwa amani.