Boila la Norbert na Mahali pa Kumlaza Halina

— Elfu tisa na mia nane, Norbert! Dola! Kwa kidude cha kutundika ukutani kama kabati la sabuni!

— Pesa zangu, Redio. Wewe zinakuwasha nini?

— Zinaniwasha kwa sababu umeibiwa mchana kweupe, halafu unamshukuru mwizi!

Hapo ni kwenye benchi la dirishani, dukani kwa Wanda muoka mikate, Mtaa wa Clinton, Buffalo, Januari. Nje theluji imefunika magari mpaka vioo, na upepo wa ziwani unatafuta tundu la kupenya. Benchi lile lina wenyewe. Yupo Eugene Pasek, wanayemwita Redio, maana tangu astaafu kiwanda cha chuma hajapata mtu wa kumzima. Yupo Tadeusz Klimek, ambaye aliwahi kuketi mahakamani mara moja kama mzee wa baraza, kesi ya mashine ya kukatia nyasi, na tangu siku hiyo ni Jaji, anahukumu hata chumvi ya supu. Na yupo Norbert Gajda, mtu wa maneno machache. Siku hiyo Norbert hakuja kupiga soga. Alikuja na jambo moja, nalo lilikuwa limemkaa kooni tangu alfajiri. Boila la nyumbani kwake, lile tangi la chuma lililo chini ya sakafu na kupasha nyumba nzima joto, limepasuka. Fundi anaanza kesho, na kwa siku mbili nyumba haitakuwa na moto. Halina, mkewe, amelala sebuleni kwenye kitanda walichoazimwa na wauguzi, anapumua kwa mashine, na safari yake imebaki fupi. Norbert alitaka mahali pa kumlaza kwa siku hizo mbili. Basi. Alidhani ataulizwa. Wapi!

— Mimi natoa hukumu, alisema Jaji. Usiache mbachao kwa msala upitao. Boila la zamani lilitengenezwa na watu wanaomwogopa Mungu.

— Limepasuka, Jaji.

— Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba!

— Ni chuma kile, si ukuta! Linatoa hewa ya sumu. Kengele ya ukutani imelia mara mbili wiki hii.

— Ahaa, kengele! Redio akadakia. Kengele zinauzwa na nani? Na walewale wanaouza maboila. Wanabonyeza huko, yako inalia huku.

— Wanabonyeza wapi?

— Huko wanakobonyezea, bwana! Unataka nikuchoree ramani?

Wanda akaja na birika, akawajazia vikombe.

— Norbert, Halina anaendeleaje?

— Anakula vijiko viwili, anachoka.

— Maskini. Mungu amtazame.

Norbert akafungua kinywa. Lakini mkate ulikuwa unaungua, Wanda akakimbilia tanuri, na Redio hakuacha pengo.

— Na hayo maboila mapya yana masikio, sikilizeni. Shemeji yangu kule Toledo kafungiwa moja. Mwezi wa kwanza tu, kaletewa barua ya kumsifu kwamba anaoga haraka. Nani aliwaambia?

— Acha kutupiga kamba, Redio.

— Kamba? Kamuulize!

Jaji akapangusa masharubu, akamgeukia Norbert kwa sauti ya mahakamani.

— Lakini nyumba umeitayarisha?

Norbert akaweka kikombe chini. Sasa. Ndipo hapa.

— Nimetayarisha. Rafu za ngazini nimeng'oa, boila lipate pa kupita. Kamba ya kuanikia nguo nimeikunja. Mitungi ya matango ya Halina yote nimeipandisha jikoni.

Kila mtungi Halina aliuandika mwaka kwa mkono wake, na ile ya mwisho mwandiko ulikuwa umepinda kama wa mtoto. Norbert aliibeba mmojammoja, kifuani.

— Limebaki jambo moja tu, akasema. Ninatafuta...

— Maji! Jaji akamkata. Umetoa maji kwenye mabomba? Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge!

— Kwa baridi hii nani anavua nguo? akauliza Redio.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Norbert akayatazama makonde yake.

— Washa hita za umeme, Jaji akaamua.

— Nyaya zangu ni za enzi za baba. Jana nilijaribu. Nikawasha hita, mashine ya Halina ikazimika. Alinitazama tu. Hakuweza hata kuniita.

— Basi blanketi! Redio akasema. Bibi yangu kule Poland alikuwa analala na bata bukini kifuani.

— Akaishi?

— Nani, bibi au bukini?

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia pamoja na Marisol Quiñones, yule fundi, theluji mabegani na spana ya mabomba mfukoni.

— Mzee Norbert! Natoka kwako. Kule chini pamekaa vizuri, hongera. Kesho saa moja asubuhi nazima moto.

— Sawa, binti.

— Ila nikuulize. Mama atalala wapi?

Jaji akaanza kukoroga kahawa isiyo na sukari.

— Nauliza kwa sababu sizimi moto mgonjwa akiwa ndani, akasema Marisol. Na lile boila nalo haliwezi kuachwa liwake.

— Hospitali si ipo? akasema Redio, sauti chini. Mgonjwa haulizwi uji.

— Huyu nimemuuliza, akasema Norbert. Kasema hospitali harudi, na nimempa neno langu.

— Mimi ningemchukua, Norbert, akasema Redio. Lakini unajua naishi juu ya gereji, ngazi zile hata mimi natambaa.

Hilo lilikuwa kweli. Norbert akaitikia kwa kichwa, kisha akamtazama Jaji. Jaji akatazama dirisha.

— Kwangu kuna wageni, akasema Jaji. Dada yake mke wangu.

— Dada yake yuko Florida mpaka Pasaka. Ulituambia jana.

Shingo ya Jaji ikaiva.

— Norbert, ndugu yangu, si roho mbaya. Lakini ikitokea? Ikitokea humo humo ndani kwangu? Mke wangu hatakiingia tena chumba kile.

Norbert akasimama. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni, lakini sauti ilitoka imenyooka.

— Tadeusz. Mwaka wa ile tufani kubwa ya theluji mabomba yako yalipasuka. Ulikuja kwangu na mke, watoto wanne, mbwa na mama yako mzazi. Majuma matatu. Halina alilala sakafuni ili mama yako apate kitanda chetu, na mama yako akafia juu ya kitanda hicho. Halina ndiye aliyemwosha. Tukageuza godoro, tukalala palepale, mpaka leo.

— Norbert, mbele za watu...

— Sikukukumbusha hata siku moja. Sasa nakudai. Kesho saa kumi na mbili alfajiri namleta. Nataka chumba cha chini, kile chenye dirisha, na kitanda kiwe kimetandikwa.