Vuta Tena, Dereva Aliyeliogopa Tela Lake

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Vuta Tena hadi mkasahau jina alilopewa na wazazi, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa seremala na mshona nguo. Kaka yake, anayewasomea haya, alikuwa na miaka minne, na kilio kile bado anakisikia.

Alianza shule mwaka 1959, akamaliza darasa la saba 1965. Hesabu zilimkubali, kusoma kulimkataa. Aliwahi kupanda paa la darasa kufuata mpira, mwalimu mkuu akambembeleza ashuke kwa upole ambao hatukumjua nao. Lisemwe hilo, maana mliomjua ukubwani mlimjua mwoga.

Mwaka 1971 aliajiriwa kubeba mizigo kwenye ghala la saruji. Leseni alipata 1974, akapewa lori lenye tela. Woga ulimwingia tarehe 9 Agosti 1978, saa saba na nusu mchana. Alilifungua tela kutoka kwenye lori, katika uwanja wa ghala, penye mteremko mdogo usioonekana kwa jicho. Breki za upepo zililishika, likatulia kama ng'ombe aliyelala. Mawe ya kuzuia magurudumu, akasema, ataweka akishakula. Lakini upepo huvuja kidogo kidogo, na ukiisha breki huachia. Tonge likiwa mkononi, akaliona tela linatembea. Lenyewe, bila mlio. Mbele ya tela mtunza ghala ameketi, mgongo umelielekea, anakula. Marehemu alifungua kinywa, sauti ikagoma. Tela likagonga nguzo ya lango, hatua mbili kutoka kwenye kiti.

"Umeniletea tani nane hadi mezani bila hodi!" alisema mtunza ghala alipopata pumzi. Watu wakacheka. Marehemu hakucheka, alikwenda nyuma ya ghala akatapika.

Tangu hapo, kufungua tela kulianza na mawe, na pini ikachomolewa mwisho kabisa. Kuliunga ndiko kulikochosha wenzake: pini, mnyororo, mipira ya upepo, taa, kisha analifunga tela breki na kulivuta kwa gia ndogo aone kama litabaki nyuma. Halafu anavuta tena.

"Limeshika, bwana! Au unasubiri likuapie?" mmoja wao humfokea.

"Vuta tena," anajibu, jasho linamtoka.

Siku ya tatu baada ya ajali alikwenda kuomba radhi kwa mtunza ghala. Dada mtu akafungua mlango, akampima kwa macho. "Kumbe muuaji mwenyewe mwembamba hivi?" Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Novemba 1979, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2012 alistaafu, na kitinda mimba wake, binti, akashika usukani wa lori la tela. Hapo hofu ikahamia kwa mtoto. Mchana kutwa aliketi karibu na simu. Ikilia, moyo unaruka. Isipolia, unaruka zaidi. Mkewe alimwambia, "Baba watoto, utakufa kabla ya hilo tela." Akajibu, "Heri iwe hivyo."

Moyo huohuo ulianza kudhoofika mwaka 2019. Alilazwa hospitali tarehe 29 Mei 2023, binti akiwa safarini na mzigo, upande wa pili wa mlima. Siku tano za mwisho marehemu alikataa usingizi. "Nikifumba macho naliona linashuka naye," alimwambia muuguzi. Dawa hazikumlaza. Kaka yake alikesha naye, amemshika mkono.

Binti alifika Jumanne tarehe 6 Juni, saa tatu asubuhi, nguo zina vumbi.

"Liko wapi?"

"Tambarare, baba. Limefungwa, lina mawe. Niangalie basi, mimi ndiye huyu."

Alimwangalia kwa muda mrefu. Akampapasa viganja, mikono, uso, kama anayekagua asiache kitu. Kisha akafumba macho, wote tukiona. Alifariki saa tano na dakika ishirini, usingizini.

Ameacha mjane, wana wawili, binti mmoja dereva, wajukuu sita, shemeji yake mtunza ghala, na kaka yake mkubwa.

Apumzike kwa amani mdogo wetu. Mtoto amefika salama.