Nusu ya Firigisi

Bamama na batata, mama zangu na baba zangu, amani iwakute nyote, hata ninyi mliokaa karibu na mlango ili mtoroke nikirefusha maneno. Kiongozi wetu ametuomba kila mmoja aseme kwake wanapika nini siku ya Noeli, na mmesimama mmetueleza habari za mbuzi, mchele na sombe ya majani ya mihogo mpaka tumbo langu limeanza kunguruma. Mimi mnanijua. Ndimi yule mama wa unga pale soko la Manika, anayefungua meza yake hata siku ya Noeli. Najua mnavyosema. Wengine mnasema napenda faida kuliko Yesu. Wengine mnasema mwanamke asiyekula kwa watu ana jambo. Ni kweli, ninalo. Leo nitalitoa, na nikianza kulia mnivumilie, maana nikilia Kiswahili cha kanisa kinanikimbia.

Nilizaliwa hapa hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mugodi. Baba naye alizaliwa hapa. Aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba ni babu yake, na kwetu sisi Kasai lilikuwa jina tu, tulilisikia wazee wakibishana. Baba alikuwa fundi wa mitambo. Nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na yetu, walikaa wenyeji wa Katanga, mume na mke na watoto wao. Yule mke na mama yangu walinyonyesha pamoja, waligombana pamoja kwenye bomba la maji, na Noeli walikuwa na jiko moja.

Nisikilizeni habari za hilo jiko. Sisi Bakasai tunachanganya unga wa mihogo na wa mahindi katika bukari, ugali wetu. Wao walisonga mahindi matupu. Basi Noeli ikikaribia, mama alijaza unga wa mihogo katika beseni lake jeupe la bati akalipeleka nyumba ya pili. Beseni hilo liliwahi kutoboka, na baba alilitia kiraka cha shaba alichokigonga mwenyewe kwa nyundo huko kazini. Jirani alimwaga unga wake wa mahindi juu ya unga wetu. Siku yenyewe, tukitoka kanisani, walisonga bukari moja katika sufuria kubwa kati ya nyumba zetu, huyu akichoka mkono, yule anapokea mwiko.

"Ile mihogo yenu inavutika," jirani alimtania mama. "Mutu anaweza kushonea biatu."

"Na mihindi yenu ni muchanga mutupu," mama alimjibu. "Leta ile mwiko, unaisonga kama hautaki batu bakule."

Palikuwa na samaki wa ziwa la Nzilo, uyoga wa mvua za Desemba, sombe, na jogoo. Jogoo alichinjwa kila mwaka na mtoto wa kwanza wa jirani, kijana aliyenipita umri, ambaye baba yangu alimfundisha kuendesha baiskeli. Na firigisi, wenzangu mnajua, kwetu ni ya baba wa nyumba, mwanamke haigusi. Lakini baba hakuila peke yake. Aliikata katikati kwa kisu chake, akanyanyuka na kisahani mkononi, akampelekea mume wa jirani nusu yake. Watu wazima wawili wanatafuna kile kipande polepole, kwa heshima, kana kwamba wamechinja ng'ombe. Sisi watoto tulicheka mpaka tukapaliwa.

Halafu mugodi ukaanguka. Ninyi wakubwa mnakumbuka, watoto mmesimuliwa. Mishahara ilichelewa, kisha ikawa hadithi. Duka la kampuni likabaki na rafu tupu. Njaa ilipoingia kambini watu walitafuta wa kumlaumu, na tuliopatikana tulikuwa sisi. Tukaanza kuitwa bilulu. Wadudu. Mtu mliyepanga naye mstari wa maji anasema bilulu wanamaliza maji, na wewe umesimama hapo na ndoo yako. Baba alituambia tunyamaze, yatapita.

Mama alimwamini. Noeli ilipokaribia alijaza beseni lake kama kawaida akalipeleka nyumba ya pili. Jirani alilipokea, lakini hakumtania. Mama alirudi akasema labda ana homa.

Haikufika siku nyingi, mchana kweupe, mume wa jirani alikuja akasimama kwenye lango letu. Hakuingia. Alizungusha kofia yake mikononi.

"Tata, muende," alimwambia baba. "Bale bavijana banakuja mu hii avenue. Muende na batoto, bitu muache."

Tulikuwa bado tunafunga mizigo walipofika, wakiimba. Na mbele yao, ndugu zangu, nawaambia niliyemwona kwa macho yangu, alikuwa yule kijana wa kuchinja jogoo. Alikuwa na bidoni la petroli. Aliingia nyumbani mwetu, akatoka na meza yetu kichwani, meza ile ile aliyokulia, akapita karibu na baba bila kumtazama. Mama alikimbilia mlango wa jirani. Yule mama alikuwa amesimama pale mlangoni. Alimtazama mama, akarudi ndani, akafunga. Nilisikia komeo. Nimelisikia maisha yangu yote.

Tuliondoka na sufuria, blanketi, na jogoo ambaye mama alimfunga kwenye kitenge kifuani. Watu walimwona kama amerukwa na akili, kumbeba kuku wakati wengine wanabeba vyeti na vitambulisho. Yeye alisema Noeli haijafika.

Kwenye stesheni palijaa watu, hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Tulingoja treni ya Kasai ambayo kila siku ilikuwa inakuja kesho. Tulilala chini ya mvua, tulikunywa maji ya mitaro, na tumbo la kuhara likaanza kuchukua watu, watoto kwanza, kisha yeyote. Masista walikuja na uji, uji ukaisha kabla ya mstari. Baba alishikwa. Mtu niliyemjua akibeba chuma begani, nilimshika mkono kumpeleka kwenye majani, na mkono ulikuwa mwepesi. Niliogopa sana.

Noeli ilitukuta hapo. Mama alichinja jogoo mwenyewe, akamchemsha kwa chumvi aliyopewa na mwanamke tusiyemjua. Mungu amkumbuke mwanamke yule popote alipo, maana na yeye alikuwa na chumvi hiyo tu. Mama alimpa baba firigisi. Baba aliishika muda mrefu.

"Kata katikati," alisema. "Peleka nusu kwa jirani."

"Jirani gani?" mama aliuliza, na sauti yake sitaki kuiiga mbele yenu.

"Jirani yetu. Ni Noeli."

Mama aliikata. Nusu baba alijaribu kuila, ikamshinda, akaila kidogo kidogo kwa ajili yetu. Nusu ya pili mama aliifunga katika jani. Tulikuwa na njaa ya kutafuna mifupa, lakini hakuna aliyenyoosha mkono, kwa sababu ilikuwa ya mtu. Kesho yake baba alifariki. Tulimzika kando ya reli, na mama akaiweka ile nusu humo kaburini, mkononi mwake. Alisema akiulizwa huko, ajibu kwamba njia ya kuipeleka ilifungwa.

Treni ilikuja baadaye. Safari ile siisimulii kanisani. Tulifika Kasai, na huko nako wakacheka Tshiluba chetu, wakatuita watu wa Katanga. Mama alipika bukari na unga wa aina moja kila Noeli. Alikuwa na unga wa pili, haukukosekana, lakini hakuuchanganya. Alisema mkono wa pili haupo. Kabla hajafa aliniambia jambo moja tu la Kolwezi: "Beseni langu liko kwa watu." Hakusema nilifuate. Hakusema niliache.

Nilirudi hapa shaba ilipopata bei tena, nikiwa mke wa mtu, mwenye watoto. Nilitafuta nyumba Manika, mbali na kambi, na nikafungua meza ya unga. Noeli niliapa sitakaa kwenye sufuria ya mtu. Watoto wangu nilikuwa nawapikia asubuhi, naenda sokoni, narudi jua likizama. Mume wangu alinibembeleza, akachoka. Watoto walikua wakidhani mama yao ana ugomvi na kuku. Cheka, dada, cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Sasa, mwaka jana, wiki ya Noeli, bibi mmoja mwembamba alikuja kwenye meza yangu. Alitaka unga wa mihogo, meka moja, lile kopo letu la kupimia. Nikasikia kwa usemi wake ni wa hapa hapa, nikamtania kama tunavyowatania wateja.

"Mama, na ninyi benye mihindi munakulaka mihogo?"

"Hapana ya kila siku, mutoto wangu," alisema. "Ni ya Noeli tu. Bukari ya Noeli inaomba mikono mbili."

Akatoa chombo chake nimwagie unga ndani. Beseni jeupe, limepasuka rangi pembeni, na chini kabisa kiraka cha shaba.

Meka iliniponyoka. Bamama, unga ulimwagika wote miguuni mwangu, nikashindwa hata kuinama. Nilimtajia jina la mama yangu. Aliketi pale pale juu ya gunia langu.

"Mama yako iko wapi?" aliuliza. Nikamwambia mama alikufa, na baba alikufa, na alikufa wapi.

Nilimngoja aniambie alifunga mlango kwa sababu fulani, kwamba alikuwa ameficha kitu chetu, kwamba alitukimbilia baadaye akatukosa. Hakusema hivyo.

"Mi niliona mutoto wangu mu bale bavijana," alisema. "Nikafunga. Haya na woga bilinishinda. Kila Noeli ninapika na mihogo, na kila Noeli ninasikia ule mulango. Sina kitu ingine ya kukuambia."

Ningependa kuwaambia nilimkumbatia. Nilimjazia unga, nikainama kuzoa uliomwagika mpaka akaondoka. Lakini alikuwa amesema nyumba bado ni ile ile, na asubuhi ya Noeli mume wangu alinikuta nimevaa kitenge cha kanisa, nimekaa kitandani, viatu mkononi. Alifuatana nami mpaka kwenye lango. Ndani niliingia mwenyewe.

Bibi alikuwa anasonga. Mume wake alishakufa. Na kwenye kiti kando ya ukuta alikaa mwanaume mwenye mvi, anayepakia malori kule Fungurume, amekuja kwa sikukuu. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alinitambua, akatazama miguu yake. Mama yake alinipa mwiko. Nikasonga, kwa sababu mikono ilijua kazi hiyo kabla yangu.

Tulipoketi, bibi alitoa firigisi kwenye sufuria akaiweka mbele yangu mimi, mwanamke.

"Hii ni ya tata," alisema. "Tata yako hayuko. Ni weye uko."

Nilishika kisu. Nilikuwa na hasira, msifikiri nilikuwa na kitu kitakatifu moyoni. Niliikata katikati, nikala nusu yangu kwa hasira, kitu ambacho sikuwahi kuonja tangu nizaliwe. Ni kigumu, bamama, wala si kitamu hivyo. Nusu ya pili ilibaki kwenye kisahani. Yule mwanaume aliinuka.

"Mi siwezi," alisema. "Ni mi nilibeba meza yenu." Akatoka nje akasimama kwenye ukuta kati ya ile nyumba na iliyokuwa yetu.

Niliitazama ile nusu, nikamwona baba chini ya mvua, ananyoosha mkono. Peleka nusu kwa jirani. Mama hakuweza. Njia ilikuwa imefungwa, na sasa mlango ulikuwa wazi, upepo unaingia. Nikanyanyuka na kisahani mkononi, nikatoka, nikampa. Hakusema samahani na mimi sikusema nimekusamehe. Aliila akilia. Sikumfuta machozi. Nilisimama tu mpaka akamaliza, nikachukua kisahani nikarudi ndani.

Namshukuru mwanamke wa chumvi. Nawashukuru masista wa uji. Namshukuru mume wangu aliyeningoja langoni juani bila kuuliza chochote, na ninyi mlionisema vibaya lakini mkaendelea kununua unga kwangu. Funzo nililonalo ni dogo. Nilidhani lazima hasira iishe kwanza ndipo nikae mezani. Yangu haijaisha. Ila nimejua kwamba kisahani kinabebeka hata na mkono wenye hasira, na kile alichoniachia baba nimekifikisha.

Basi, wateja wangu, unga nunueni mapema mwaka huu. Siku ya Noeli msinitafute sokoni, meza yangu itakuwa tupu. Beseni la mama nalijaza mimi.