Gramu Moja Iliyozidi

Miaka thelathini na miwili si haba. Tarehe 30 Juni 1997 Mzee Sylvanus Kapufi, fundi wa maabara ya shule yetu, anastaafu. Alianza kazi kwa kuosha chupa, na amevunja mbili tu, moja kwa makusudi.

Mwaka 1991 bata wa jirani yetu, Mama Thacienne, waligeuka zambarau. Mama hutia rangi vitenge, na maji yake hutiririkia bwawa lililo nyuma ya maabara. Sote tulicheka. Mzee alikasirika, akasema bata si mapazia. Akaapa kwamba hatastaafu kabla hawajarudi weupe.

Kwa misumari yenye kutu, tindikali na amonia iliyokuja kwa treni, akaanza kutengeneza unga mweusi, laini kuliko poda ya mtoto. Ukiutia majini, mwanga wa jua unauamsha nao unakula rangi. Ukimaliza kazi, unauopoa kwa sumaku. Hivyo ndivyo alivyotueleza. Jaribio la kumi na saba lilikula rangi ya suruali ya Mwalimu Method. La thelathini liling'ang'ania kitasa cha ofisi, mkuu wa shule akawa anapitia dirishani wiki nzima. La hamsini na mbili, Machi mwaka huu, likakubali. Bwawa likatakata, na bata walipoota manyoya mapya yakawa meupe pee. Mama Thacienne alilia, nasi pia.

Hapo kitumbua kikaingia mchanga. Bwana Kasimiri wa stoo alikataa kusaini makabidhiano: unga ni mali ya serikali, gramu mia mbili, nao uko bwawani. Bila saini hakuna kustaafu. Bata weupe, alisema, hawamo kwenye leja yake.

Mzee akafunga sumaku ya spika kwenye fimbo, akaingia hadi magotini, siku tatu. Mizani ikaonyesha gramu mia mbili na moja. Bwana Kasimiri akagoma tena, maana ziada nayo ni kosa.

Kikao cha dharura kimeamua: gramu iliyozidi ni zawadi yako, Mzee. Bwana Kasimiri ameifunga mwenyewe kwenye karatasi, kisha akasaini, na tumemwona akijifuta macho.

Asante kwa yote. Uwe na maisha marefu na mema huko kwenu Karema. Ila tunakusihi, Ziwa Tanganyika ni la buluu tangu enzi za mababu, liache hivyohivyo.